Mkono wa Kushoto wa Sweta ya Bi Winifred

Erdington, Birmingham
Novemba 2006

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wote walioamka salama leo katika boma letu. Kabla sijasema langu nakuuliza hali: kile kifua kimetulia, au baridi ya Molo bado inakuamsha alfajiri kwa kikohozi? Magoti je? Na mashine yako ya kufuma, kaka Wafula aliniambia imekwama katikati ya sweta za shule, za rangi ya damu ya mzee. Natumaini fundi wa Elburgon alifika. Mimi mwili wangu ni mzima. Hilo ninaweza kulisema bila kukudanganya.

Utashangaa kupokea barua wakati kila mtu ana simu. Nimepiga, Mama. Tangu mumzike Baba nimepiga kila Jumapili nikitoka kanisani. Wafula huniambia, "Ngoja nimpe Mama," kisha nasikia mlango, halafu yeye mwenyewe anarudi kwenye simu: "Mama ametoka kidogo." Miezi saba sasa. Sikulaumu. Ila barua haina haraka, itakungoja hapo mezani mpaka uwe tayari. Vaa miwani uisome mwenyewe, usimpe Wafula akusomee. Kuna jambo nataka kukuambia, lakini nisipokueleza kwanza habari za mama mmoja mzee wa huku, hutaelewa kwa nini nalisema leo na si siku ile ya msiba.

Unajua kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Napanda basi asubuhi, naingia nyumba hii nusu saa, ile saa nzima. Naosha, navisha, napika uji, natoa dawa, naandika kwenye daftari kwamba nimefanya, natoka. Wiki mbili baada ya mazishi ya Baba, msimamizi wangu aliongeza jina kwenye orodha yangu: Bi Winifred, mjane wa miaka themanini na minne, anakaa peke yake Kingstanding. Kingstanding ni mtaa wa nyumba za baraza la jiji, za matofali mekundu, zinazofanana mno. Siku ya kwanza nilibisha mlango wa jirani.

Bi Winifred alipofungua, Mama, harufu iliyotoka ndani ilikuwa ya Baba. Lile koti lake la kazi ulilomkataza kuliingiza nyumbani, likakaa miaka yote limetundikwa msumarini nje ya jikoni, limelowa mafuta ya kondoo mpaka likawa gumu kama ngozi. Harufu hiyo hiyo. Nilisimama kizingitini na mkoba wangu begani, machozi yakanitoka mbele ya mtu nisiyemjua.

"Kuna nini, bab?" akaniuliza.

Wenyeji wa Birmingham wakimwita mtu kwa upendo humwita "bab". Sikuwa nimezoea bado. Nilisikia "baba", na nikazidi kulia. Akanishika mkono akaniketisha jikoni kwake. Mimi ndiye niliyetumwa kumtunza, na yeye ndiye aliyenipa chai siku hiyo.

Harufu ilitoka juu, chumba cha pili. Kilijaa magunia ya karatasi hadi dirishani, na ndani yake manyoya ya kondoo. Bi Winifred na mumewe, Arthur, walikuwa na shamba dogo nje ya jiji, njia ya Lichfield. Walifuga kondoo wa asili wa kisiwa kimoja kilicho kati ya nchi hii na Ireland. Sijapata kuwaona ila katika picha: wadogo, wembamba wa miguu, madume yana pembe nne, mbili zimesimama na mbili zimejikunja kando ya mashavu. Rangi yao ni kahawia, kama kiazi kilichotoka kuchimbwa. Walikuwa wamebaki wachache sana duniani, na wazee hawa wawili wakajitwisha kazi ya kuhakikisha hawatoweki. Arthur alipofariki, kondoo walipelekwa kwa mfugaji mwingine. Bi Winifred alihamia Kingstanding na manyoya tu. Kila gunia lilikuwa na karatasi yenye jina la kondoo aliyenyolewa.

Alisokota uzi mwenyewe kwa gurudumu la miguu, akafuma sweta, shali na soksi, na hakutia rangi hata tone. Kuna watu huku wanaotafuta nguo za namna hiyo, zenye rangi aliyozaliwa nayo kondoo basi. Akizipeleka kwenye maonyesho ya wakulima zilikuwa zinaisha kabla ya mchana. Alinifungulia kabati nikaona za kijivu, nyeusi, na kahawia za kila namna, nyingine za kondoo wa visiwa vingine ambao manyoya yao alikuwa akiyanunua. Nikamwambia kwamba kwetu Baba alikuwa mnyoaji kondoo kwenye shamba la Wazungu. Nikamweleza vile alivyotufundisha kwamba manyoya meusi hutengwa kabla ya mengine yote, kwa sababu hayashiki rangi, na uzi mmoja tu ukiingia kwenye gunia jeupe mnunuzi hukataa gunia zima. Nikamweleza pia kwamba Baba alikuwa akikuletea wewe hayo meusi yaliyotupwa, nawe ukatufumia blanketi.

Bi Winifred akacheka, akasema, "Mwambie babako angeniletea na mimi."

"Baba amefariki," nikasema. "Wiki tatu zilizopita."

"Pole, bab. Ulikwenda kumzika?"

Nikamjibu nilivyowajibu ninyi nyote. Nikasema pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji, wakakataa kuitoa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanimiminia chai tena.

Tuliendelea hivyo Mei na Juni. Nilikuwa namwosha, namvisha, namsuka nywele zake nyeupe nyembamba. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, kikombe anakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Siku moja alinionyesha mfuko aliouficha chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na sweta kubwa ya mwanamume, kahawia, imefumwa vizuri mno; hata wewe ungeigeuza nje ndani kutafuta kosa. Ilikuwa na mgongo, kifua, shingo na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto haukuwepo.

"Ya mwanangu Colin," akasema. "Yuko Kanada. Mikono yangu ilikataa nikiwa nimefika hapo."

Akaniuliza kama najua kufuma. Nikamwambia nimekua chini ya meza ya mama mfumaji, nikifumua uzi. Akanipa sindano mbili za mbao akaniangalia nikianza, kisha akasema kama wewe kabisa: "Unavuta uzi kama unamkaba mtu koo. Legeza."

Kampuni yetu haituruhusu kuwafanyia wazee kazi zisizoandikwa. Nikamwomba msimamizi ruhusa. Akasema siku yangu ya mapumziko ni yangu, mradi nisipokee zawadi. Basi kila Alhamisi mchana nikawa nakwenda Kingstanding kama mgeni. Mama, mchana ule ulinisaidia. Sikuwa na mtu wa kulia naye Baba. Hapo nilikaa na uzi unaonuka kama yeye, mafuta ya kondoo yanalainisha vidole vyangu vilivyopasuka kwa sabuni za kazi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimenyamaza.

Sweta yote ilitoka kwa kondoo mmoja, jike aliyeitwa Bessie. Nilipofika kiwiko, uzi wa Bessie ukaisha. Nilipekua gunia lake hadi chini, kukabaki majani makavu na mavumbi. Bi Winifred akaniambia nilete gunia la Mary, binti ya Bessie. Tukasokota. Uzi wa Mary ulikuwa mwepesi wa rangi, kama chai iliyotiwa maziwa. Nilipouweka kando ya ule wa mama yake, tofauti ilionekana hata kutoka mlangoni.

Nikasema, "Kwetu tungeuchovya kwenye chai kavu iliyochemka sana. Rangi zitakaribiana, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," akasema. Hakuwahi kunijibu kwa ukali kabla ya hapo. Kisha akapoa. "Ni mtoto wake. Endelea tu."

Nikaendelea. Na ilikuwa Septemba, nikiwa katikati ya huo mkono, aliponieleza habari za Colin.

Arthur alifariki wakati wa baridi, miaka kumi na moja iliyopita. Colin akaandika kutoka Kanada kwamba hataweza kuja mazishini. Theluji imefunga uwanja wa ndege wiki nzima. Lakini mwanamke mmoja wa kanisa la Bi Winifred alikuwa na dada katika mji ule ule. Walizungumza kwa simu wiki hiyo hiyo. Dada akataja, bila kujua anasema nini, kwamba mwaka huu theluji imechelewa, mbingu ni safi, wanaona ndege zikipita.

"Nilijua kabla jeneza halijashuka," Bi Winifred akasema.

Nikamwuliza kwa nini mwanawe hakuja.

"Alikuwa amegombana na baba yake. Mambo ya shamba, mambo ya kijinga. Aliogopa kumwona amelala pale hawajapatana. Namjua, tangu utoto ni mwoga wa namna hiyo." Alikuwa akitazama mikono yangu, si uso wangu. "Woga wake ningeuelewa, bab. Ningemfungulia mlango na woga wake. Ile theluji ndiyo imenishinda."

"Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?"

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Hajasema. Sasa kila Krismasi anapiga simu, tunaongea habari za hali ya hewa dakika kumi, tunaagana."

Vitanzi vikaniponyoka, Mama. Safu nzima. Nilijifanya nahesabu ili nisiinue kichwa. Niliaga mapema, nikapita kituo changu cha basi bila kujua, nikatembea kwa miguu hadi Erdington.

Kuna mtu mmoja tu huku aliyejua ukweli wangu, jirani yangu Rukia, Msomali wa Garissa, aliyenipokea nilipofika nchi hii sina hata koti. Jioni hiyo nilimkuta anakaanga sambusa, watoto wake wanagombana kwa Kiingereza, yeye anawatuliza kwa Kiswahili na Kisomali. Nikamwambia nataka kukuandikia.

"Umwandikie nini?" akasema. "Yamepita hayo, wallahi. Mzee yuko kwa Mungu. Mama amekubali kwamba serikali ilikuzuia, hata kama ana uchungu. Wewe sasa unataka kumtia msumari mwingine ili nafsi yako ipumzike?"

Alisema kwa wema. Sikuandika. Septemba ikapita.

Mwanzoni mwa Oktoba nilimaliza mkono. Nikauunga begani, Bi Winifred akapitisha vidole vyake vilivyopinda kwenye kiwiko, pale rangi inapobadilika, akaenda juu, akarudi chini. Akasema, "Vizuri," basi. Nilimshikia kalamu akaandika kikaratasi, maneno machache yaliyomchukua robo saa: "Mkono wa kushoto umefumwa na Tabitha wa Kenya. Usiifue kwa maji moto. Mama." Nikafunga kifurushi, nikakipeleka posta.

Wiki mbili baadaye niliingia asubuhi nikamkuta amekaa kitandani anatafuta pumzi, midomo imekuwa ya buluu. Nikaita ambulensi, nikapanda naye. Ilikuwa nimonia. Jirani akampigia Colin, akaambiwa atapata ndege baada ya siku tatu. Nilikuwa napita hospitali kabla ya kazi na baada ya kazi, nikamchana nywele, nikampaka mafuta midomo. Jumatatu jioni aliniuliza kama nimezima jiko la nyumbani kwake. Nikamwambia nimezima. Akafumba macho. Jumanne asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa upya.

Colin alikuwa tayari angani, hajui; alifika mchana wa siku hiyo. Alhamisi nilikwenda kurudisha ufunguo, nikamkuta ameketi pale pale jikoni niliponyweshwa chai siku ya kwanza. Ni mtu wa miaka karibu sitini, mrefu, mabega yameinama. Alikuwa amevaa sweta. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwikoni, ulikuwa mwepesi wa rangi.

"Wewe ndiye Tabitha," akasema.

Nikampa pole. Nikaweka ufunguo mezani. Nilipogeuka kuondoka akaniuliza, "Alikuwa anakuambia habari zangu?"

"Mara nyingine."

"Alikuambia kuhusu mazishi ya baba?"

Mama, ningeweza kusema sijui. Mimi ni mfanyakazi tu, siri za nyumba ya watu si zangu. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyekwisha jua na anangoja kuthibitishiwa.

"Alijua hapakuwa na theluji," nikasema. "Alijua kabla hawajamzika."

Nje gari la taka lilikuwa linapita mlango kwa mlango. Kisha akauliza, "Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa anangoja useme wewe."

Akainama, uso wake akauweka kwenye ule mkono wa kushoto wa sweta, na mwanamume mzima yule akalia kwa sauti. Aliponyanyuka akaniambia kwamba ndani ya ndege alikuwa akiyapanga hayo maneno, saa zote alizokaa angani. Aliyapanga akayapangua, mpaka akapata yanayofaa. "Nilikuwa tayari," akasema. "Sasa nimwambie nani?"

Nilimtengenezea chai, nikakaa naye mpaka jirani akaja.

Tulimzika Bi Winifred kando ya mumewe, amefunikwa shali yake mwenyewe, nyeusi na kijivu. Nilisimama nyuma na watu wa kanisa lake. Wakati wanashusha jeneza nilikuwa sifikirii kaburi lile. Nilifikiria lingine, ambalo sijaliona.

Sasa nimefika, Mama. Nalisema.

Pasipoti yangu haikuwa ofisi ya uhamiaji. Ilikuwa kwenye droo, chini ya mashuka, na ilikuwa hapo siku zote. Wafula alipiga Jumamosi kuniambia Baba ametuacha, na mngemzika Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa na siku saba na nilikuwa na pasipoti. Viza yangu ilikuwa imebakisha wiki tatu, na maombi ya ile mpya hayakuwa yametumwa. Mtu mmoja kanisani anayejua sheria hizi aliniambia, "Kwenda unaweza. Kurudi sikuahidi. Huenda wakakuruhusu, huenda wakakurudisha." Alisema huenda. Hakusema haiwezekani.

Nilipanga nguo. Jumatatu nikapanda basi hadi mjini, kwenye ofisi inayouza tiketi. Mlangoni nikageuka. Nikakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara na mkoba wangu miguuni. Niliwaona watu wakiingia na kutoka, mpaka yule binti wa dukani akazima taa na kushusha lango. Nikarudi nyumbani. Jumanne nilimpigia Wafula nikamwambia wamekataa kunipa pasipoti. Maneno yalitoka laini, kama ya mtu aliyefanya mazoezi. Wafula akalia kwa ajili yangu. Alisema, "Pole sana dada, serikali za watu hazina huruma."

Niliogopa kufungiwa nje ya nchi hii baada ya miaka minne ya kuitafuta. Hilo ni kweli, lakini si lote. Mara ya mwisho Baba alipozungumza nami, mwezi wa pili, aliniuliza, "Nekesa, utakuja lini?" Nikasema karibuni. Nilisema karibuni mwaka uliotangulia pia, na mwaka kabla ya huo. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ya mgonjwa, nikasikia, na bado nikasema karibuni, halafu nikamwambia kadi yangu ya simu inaisha. Haikuwa inaisha. Basi alipofariki niliogopa kuja kusimama mbele ya mtu niliyemkatia simu. Ndiyo sababu nilikaa kwenye benchi. Viza ilinipa neno la kuwaambia watu.

Na nadhani wewe unajua. Binti ya jirani yetu Mama Chebet, yule anayekaa Leicester huku, alikuja nyumbani mwezi ule ule na akarudi, na karatasi zake ni kama zangu. Ulimwambia Wafula aniulize yeye alifanyaje. Nikajibu karatasi zake ni tofauti. Nadhani ulinyamaza tangu siku hiyo, na mimi nikajifanya unyamavu wako ni wa msiba tu. Kama nimekosea, na hukujua kitu, basi nimekuumiza upya kwa mkono wangu, kama Rukia alivyoniambia, na nitabeba hilo pia. Lakini siwezi kungoja mpaka nije kukuta kitanda kimetandikwa.

Viza mpya imetoka, ya miaka mitatu. Ningeweza kuja nikalia juu ya kaburi la Baba, mkanipokea kama mtoto aliyezuiliwa na Wazungu, na hakuna ambaye angejua. Nimekwisha kukata tiketi. Nitafika Molo Ijumaa ya pili ya Desemba, nitatoka Nairobi peke yangu. Naomba msichinje kitu, wala msiwaite watu wa kanisa. Naomba wewe mwenyewe unipeleke alipolala Baba. Ukitaka kunigombeza kwanza, nigombeze huko. Ukiona hutaki nilale nyumbani kwako, nitalala kwa Wafula, na sitauliza kwa nini. Usimtume mtu aniambie nimesamehewa au sijasamehewa. Lolote ulilo nalo nataka kulisikia kutoka kinywani mwako, tukiwa tumesimama.

Nisalimie Wafula, kaka yangu, aliyebeba jeneza, akabeba na sehemu ya mazishi iliyokuwa yangu kupanga. Ukishasoma barua hii mpe naye asome, nimemwonea pia. Nisalimie mkewe Wanjiru, aliyekuwa akimlisha Baba kwa kijiko, Mungu amlipe. Nisalimie mjomba Kamau, ndugu yako, aliyeniandikia kunifariji kwa kosa ambalo halikuwa la serikali. Mama Chebet, jirani yetu, mwambie bintiye hajambo na alifanya vizuri kuja. Na Shangazi Jerida, dada yake Baba, aliyesema mbele ya waombolezaji kwamba mtoto anayetaka kuja huja: naambiwa mlimnyamazisha na mpaka leo hamsemezani naye kwa ajili yangu. Nakuomba Mama, kabla sijafika, nenda kwake au umwite. Mwambie Tabitha amesema alikuwa na haki.

Ni mimi binti yako, niliyekuwa na pasipoti mkononi,

Tabitha Nekesa